Mama, kinga mkojo safi
Mama mjamzito wa Rusimbi akipewa kichupa cha mkojo kliniki, asione ni usumbufu. Figo zenye afya huzuia protini isipotee. Ikionekana katika mkojo baada ya wiki 20 za mimba, na presha imefika 140/90, tunahofia kifafa cha mimba, kinachoweza kuua mama na mtoto.

Kijikaratasi cha kupimia hugeuka kutoka manjano kuwa kijani. Lakini ute wa ukeni nao una protini, hudanganya kipimo. Hata mashine kubwa zipimazo uzito wa vipande vya protini, zikisaidiwa na kompyuta, hudanganywa na mkojo uliochafuliwa.

Tunashauri: jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, usingoje siku ya kliniki. Nenda mara moja.