Mpira wa DT ya Baba

Picha ninayo mpaka leo: baba amesimama Nyandira, gambuti zimejaa tope, mkono mmoja juu ya tangi la Yamaha DT125 aliyopewa kazini mwaka 1982. Alikuwa bwana shamba wa Mgeta. Nilipoamua kuifufua pikipiki ile, baada ya kulala miaka mingi kwenye stoo yetu ya Bigwa, picha hiyo ndiyo iliyoniongoza. Rangi niliipata, kiti kilishonwa upya. Kilichonitesa ni mipira.

Nasema ile myembamba ya kupitisha mafuta na hewa. Upo wa petroli, kutoka kwenye koki ya tangi hadi kwenye kabureta. Upo wa kupumulia betri, na ile midogo ya kumwaga petroli inayozidi. Halafu ipo ya oili, na hapo ndipo ilipo roho ya injini. Kwenye pikipiki nyingi za zamani ambazo petroli na oili huungua pamoja, mwenye chombo alichanganya mwenyewe kwenye dumu. Kuanzia 1964 Yamaha wakaleta pampu waliyoiita Autolube: oili inakaa kwenye kitangi chake, pampu inaitoa kidogo kidogo kadiri unavyovuta mafuta. Mpira mweusi unaishusha oili hadi kwenye pampu. Mwingine, mwembamba na wa kuonyesha, unaipeleka kwenye injini. Mpira wa petroli ukivuja utausikia kwa harufu. Huu wa oili ukipasuka hakuna anayekuambia: pikipiki inakwenda vizuri tu mpaka pistoni inakaukiwa na injini inanoki.

Nilipofungua, mahali pa ule wa petroli nilikuta mpira wa dripu. Baba aliuomba zahanati, bila shaka. Sikucheka, maana enzi zile ukiwa Mgeta kushuka mjini kutafuta spea ilikuwa safari ya siku nzima. Tatizo la plastiki ile ni kwamba ulaini wake unatokana na kemikali iliyochanganywa ndani, na petroli huifyonza kidogo kidogo. Ulikuwa umegeuka wa manjano, mgumu kama tambi kavu. Niliukunja, ukavunjika kwa sauti.

Nikapanda basi hadi Dar es Salaam. Kule Gerezani, baada ya kuzunguka maduka mpaka miguu ikaniuma, nilionyeshwa mfuko wa nailoni wenye maandishi ya Kijapani, ndani yake mpira ambao haujawahi kufungwa popote. Orijino kabisa. Nililipa bila hata kuomba punguzo, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe.

Fundi wangu wa Msamvu aliuchukua, akaukunja kidoleni. Nyufa zikafunguka kama ngozi ya kisigino.

"Mwalimu," akasema, "huu umri wake sawa na pikipiki. Kukaa dukani si kubaki mtoto."

Kumbe mpira hauzeeki kwa kutumika peke yake. Joto na hewa huula hata ukiwa kwenye mfuko wake, na kabatini Dar es Salaam joto halikosekani. Tangu siku ile nimeacha kutafuta mpira uliotengenezwa zama za baba. Ninachotafuta ni uliotengenezwa juzi wenye sura ya zama zile.

Sura niliisoma kwenye picha kwa kioo cha kukuzia: mweusi usiong'aa, laini, umebanwa kwa klipu za waya, siyo klampu za skrubu kama za jiko la gesi. Upana wa ndani hauonekani pichani, na macho hudanganya. Fundi anatumia biti za drili: anaingiza upande ule laini wa biti kwenye mpira, ikikaa bila kulegea anasoma namba yake, kisha anapima mdomo wa kabureta kwa venia. Ukiwa mpana, utavuja hata ukiubana mpaka uchoke. Ukiwa mwembamba mno, utapasuka mdomoni.

Mpira wa petroli, baada ya safari yote ile, ulikuwa duka la spea za bodaboda hapo hapo Msamvu. Ulikuwa na herufi nyeupe ubavuni. Tulizigeuzia upande wa injini.

Ule wa oili, wa kuonyesha, ndio uliokuwa mgumu kupatikana. Ya silikoni ni mizuri machoni lakini petroli huivimbisha, na mimi sikutaka kitu cha namna hiyo karibu na kabureta. Mwisho niliupata kwa muuza misumeno ya mnyororo na mashine za kufyekea majani. Mashine hizo nazo hunywa petroli yenye oili, na mipira yake ni myembamba hasa. Una umanjano kidogo. Wa baba ulikuwa mweupe. Hapo nimekubali kushindwa.

Tuliujaza oili kwa bomba la sindano kabla ya kuufunga, tukalegeza skrubu ya pampu mpaka mapovu yakaisha, na petroli ya kwanza tukaichanganya na oili kwa tahadhari. Nikaenda hadi Mlali, nikasimama, nikachungulia: oili imejaa, hakuna povu. Klipu moja tu ilitoa jasho, nikarudi Msamvu ibadilishwe.

Kilikuwa kimebaki kipande cha futi moja hivi cha mpira wa petroli. Fundi alikifunga kwenye Boxer ya kijana aliyekuwa anasubiri, ambaye hakuuliza ni cha mwaka gani.