Saratani ya umio: protini zinasaidia kuigundua, lakini bado si kwa wagonjwa wa kwetu

Kwanza mgonjwa anashindwa kumeza bugali. Baada ya muda, hata uji na maji vinapita kwa shida. Wengi hufika hospitali wakati huo, uvimbe ukiwa umeshafunga sehemu kubwa ya umio, yaani njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Mwaka 2022, saratani hii iliua watu karibu 445,000 duniani, kulingana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Ukanda mmoja unaoathirika sana unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Uganda na Tanzania ni majirani wa mashariki mwa DRC.

Ili kuugundua ugonjwa mapema, watafiti wanachunguza protini. Seli za mwili hutengeneza protini kwa kufuata maagizo ya jeni. Jeni zikiharibika, seli hutoa protini zisizo za kawaida, au huzidisha zile za kawaida. Protini ya namna hiyo inaweza kuwa alama ya ugonjwa, au mahali pa kupigwa na dawa.

Mfano upo Cambridge, Uingereza. Kikundi cha Profesa Rebecca Fitzgerald kilitengeneza kidonge chenye sponji iliyofungwa uzi. Mtu anakimeza, sponji inafunguka tumboni, kisha muuguzi anaivuta ikiwa imebeba seli za umio. Maabara hutafuta humo protini iitwayo TFF3. Ikionekana, huenda mtu ana hali ya Barrett, ambayo inaweza kugeuka saratani.

Kuhusu dawa, trastuzumab hulenga protini ya HER2. Pembrolizumab na nivolumab huondoa breki inayozuia kinga ya mwili kushambulia uvimbe. Madaktari hupima protini ya PD-L1 ili kujua nani anaweza kufaidika zaidi.

Tatizo ni kwamba saratani ya umio ina aina mbili kubwa. Barrett huzaa adenokasinoma, iliyo ya kawaida Uingereza na Marekani. Katika ukanda wetu, wengi sana wana aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio. Kwa hao, TFF3 si alama ya kutegemea, na HER2 haisaidii sana. Dawa za kinga zinaweza kuwasaidia, lakini bei yake inawashinda wengi.

Ndiyo maana sampuli za Afrika zina maana. Mwaka 2021, watafiti walichapisha uchunguzi wa jeni za uvimbe 552 wa aina ya skwamasi kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Hawakupata sababu moja inayoeleza kwa nini maeneo fulani yanaumia zaidi. Bila kuchunguza wagonjwa wa huku, vipimo vitaendelea kutengenezwa kwa ajili ya wengine.

Wakati huo huo, pombe na tumbaku huongeza hatari. Tangu 2016, IARC inasema vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Acha chai ipoe kidogo. Na chakula kikianza kukwama, usingoje hadi maji nayo yakatae: nenda hospitali, omba kuchunguzwa umio kwa kamera.