Sabasaba, Kariakoo au Songea: fundi cherehani wa Matiri akanunue nguo wapi?

Kama mtaji wako hauzidi laki tano, usipande basi kwenda maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam, kununua mzigo. Nunua Songea. Ukiwa na kati ya laki tano na milioni mbili, ungana na wenzako mtume mtu mmoja. Ukivuka milioni mbili, safari ya Dar es Salaam inalipa, lakini mzigo uchukue Kariakoo. Sabasaba iwe ya kutafuta viwanda. Hesabu yenyewe ni hii.

Nauli kwanza

Kwa viwango ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilitangaza Desemba 2023, basi la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami, na la daraja la kati ni 67.84. Mbinga hadi Dar es Salaam kupitia Songea, Njombe na Iringa ni takriban kilomita 1,050. Kwenda na kurudi ni kama 102,000 kwa basi la kawaida, au 142,000 kwa daraja la kati. Bado hujahesabu gari la kutoka Matiri hadi Mbinga.

Mbinga hadi Songea ni kama kilomita 100. Kwenda na kurudi kwa basi la kawaida haifiki elfu kumi, na unalala kwako.

Songea: ghali kidogo, karibu sana

Kwa kila doti ya kanga au pisi ya kitenge utalipa zaidi ya bei ya Kariakoo, kwa sababu mwenye duka naye kasafirisha. Lakini unanunua kidogo kidogo, unarudia wiki ijayo kile kilichotoka, na kitambaa kibovu unakirudisha kwa mtu unayemjua. Kwa mwenye fedha chache, kutokulaza mtaji kwenye mzigo usiotoka ni faida kubwa kuliko punguzo.

Ubaya wake ni uchache wa aina. Pia lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imewafungulia wateja wa ziwani njia ya kwenda Songea wenyewe. Ukipandisha bei mno, watakupita.

Kariakoo: bei nzuri, macho mawili

Hapa ndipo bei ya jumla ilipo, mwaka mzima. Huhitaji kungoja msimu wa maonyesho. Kanga, vitenge, tetroni za sare, bitana, zipu na uzi vyote vipo ndani ya mitaa michache, na duka moja likikataa kushusha bei, jirani yake atashusha.

Tufanye mfano. Tuseme doti Songea ni 12,000, na Kariakoo kwa jumla ni 9,500. Unaokoa 2,500 kwa doti. Tuseme safari nzima, yaani nauli, kulala, kula na mzigo, ni 250,000. Gawanya: lazima ununue doti 100 ndipo urudishe gharama ya safari tu. Faida inaanzia doti ya 101. Doti 100 ni 950,000 mkononi. Mwenye laki tano, nusu ya mtaji wake inaishia njiani.

Sasa mkiwa mafundi watano, gharama ile ni 50,000 kwa kila mmoja, na kila mmoja anahitaji doti 20 tu kuirudisha. Mzigo ukiwa mkubwa gharama ya kuusafirisha itapanda, lakini nauli na malazi ni ya mtu mmoja. Andikeni oda ya kila mtu kwenye karatasi kabla mtu wenu hajaondoka, na fedha zitumwe kwa awamu, zisibebwe mfukoni.

Weka bei halisi utakazopewa kwa simu wiki hii badala ya zangu za mfano, lakini usiache kugawanya.

Sabasaba: nenda kuuliza

Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam hufanyika kila mwaka, Juni 28 hadi Julai 13, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, chini ya TanTrade. Uzuri wake ni kuwakuta wenye viwanda, waagizaji na wauza vyereheni sehemu moja, na kuongea nao bila dalali.

Ukienda, uliza maswali manne: kiwango cha chini cha oda ni kiasi gani, wakala wenu wa karibu na Songea ni nani, mzigo ukifika na kasoro nani anabeba hasara, na bei hii inadumu mpaka lini. Chukua sampuli na namba ya simu ya ofisi. Majibu hayo yatakufaa mwaka mzima kuliko doti kumi za bei ya ofa.

Epuka Julai 7; ni sikukuu, umati ni mkubwa na hakuna atakayekusikiliza. Siku za mwisho bei mara nyingi hushuka kwa sababu muuzaji hataki kurudi na mzigo, ila rangi nzuri zimeshakwisha.

Ubaya mkubwa kwa mtu wa Matiri ni kalenda. Juni na Julai kahawa bado inavunwa, na malipo mengi ya vyama vya ushirika (AMCOS) hayajatoka. Ukichukua mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, ili uwahi maonyesho, utarudi na vitenge ambavyo wateja wako nao wanasubiri kahawa ndipo wavinunue. Riba haisubiri. Mzigo wako uwe tayari malipo ya kahawa yanapotoka, na kabla ya Januari shule zinapofunguliwa.

Mbeya na mitumba

Nanenane ya Nyanda za Juu Kusini, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, hufanyika mwanzoni mwa Agosti. Toka Songea ni karibu nusu ya njia ya Dar. Lakini ni maonyesho ya kilimo. Nguo utazikuta pembeni. Usiende kwa ajili ya nguo peke yake.

Belo la mitumba kwa kawaida ni kilo 45. Bei kwa nguo moja ni ndogo kuliko kitu chochote kipya, na kwa mnada wa kijijini hutoka haraka. Ila belo halifunguliwi kabla ya kulipia, hivyo unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwenye fedha kidogo achague nguo moja moja, hata kama bei iko juu.

Gharama zisizotajwa

Mabasi ya mikoani huishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka pale hadi Kariakoo au Temeke ni nauli nyingine, na kurudi na marobota ni teksi au bajaji. Ongeza wabeba mizigo, mzigo wa ziada kwenye basi, kupandisha na kushusha Songea, makato ya kutoa fedha kwa simu, na kiingilio cha Sabasaba kila siku unayoingia.

Dai risiti ya EFD. Kutoidai ni kosa la mnunuzi pia, na mzigo usio na risiti ukikaguliwa njiani ni wako kuueleza. Uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani yake.

Pima. Yadi sita ni mita tano na nusu, wala si sita. Jora lifunguliwe, lipimwe mbele yako. Angalia upana pia: kitambaa cha inchi 60 cha bei ya juu huweza kutoa sketi nyingi kuliko cha inchi 45 cha bei rahisi.

Chomoa uzi uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka na kuwa donge gumu. Kwa sare ya shule, mchanganyiko wenye poliesta hudumu na haukunjamani. Kwa kanga, dai pamba. Lowesha kona, sugua kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, acha.

Amua hivi

Piga simu tatu leo: duka moja la Songea, maduka mawili ya Kariakoo. Gawanya gharama ya safari kwa tofauti ya bei. Kama idadi inayotoka inazidi unachoweza kuuza ndani ya miezi miwili, nunua Songea na uanze kushona. Kama haizidi, tafuta wenzako wanne, mtume mtu mwaminifu Novemba, kabla ya msongamano wa sare. Sabasaba ijayo, mtu huyo huyo aende na karatasi ya maswali. Ukihitaji kuonyesha nguo zako mwenyewe, pita ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Songea mapema uulize nafasi ya pamoja. Banda la peke yako si la mtaji mdogo.