NEEMA SI MSHAHARA

Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Methali hiyo niliwafundisha watoto wa darasa la tano kwa miaka kadhaa, kabla sijahamishiwa kazi ya ofisini. Watoto waliikariri vizuri. Mwalimu wao ndiye aliyeshindwa kuifuata, kwa maana sikuwa nikisemezana na mdogo wangu wa tumbo moja.

Chanzo kilikuwa fedha. Mwaka 2014 nilimkabidhi shilingi 3,000,000, akiba ya miaka mitatu ya mshahara wa ualimu, ili amnunulie mama yetu kiwanja. Kiwanja hakikununuliwa. Fedha zilipotea katika biashara ambayo hakutuambia habari zake. Alikuja kuniomba radhi mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu akiwa amesimama mlangoni. Mama alifariki mwaka 2016 akiwa bado katika nyumba ya kupanga, nasi tukasimama pande mbili za kaburi kama watu wasiojuana. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mdogo wangu, ambaye ni askari jeshi, alipelekwa Somalia, nchi ambayo majeshi ya Uganda yalianza kuingia kulinda amani mwezi Machi 2007. Hakuniaga, nami sikutaka kuagwa.

Muda huo wote sikukosa misa ya Jumapili, wala rozari haikutoka mfukoni. Lakini tulipofika katika sala ya Baba Yetu, pale tunapoomba tusamehewe kama tunavyowasamehe wengine, sauti yangu ilikuwa ikishuka yenyewe.

Mwishoni mwa Mei mwaka huo nilijiunga na mahujaji wa parokia yetu waliotoka Masaka kwenda Namugongo kwa miguu, safari ya kilometa zaidi ya 130. Kila hujaji hubeba nia yake. Yangu ilikuwa kwamba Mungu amlazimishe mdogo wangu anirudishie fedha zangu.

Siku ya pili tulivuka bwawa la Lwera, tukapita mstari wa ikweta pale Kayabwe, na usiku tukalala katika chumba cha darasa karibu na Buwama. Katekista wetu akatusimulia habari za mashahidi wawili, Mukasa Kiriwawanvu na Gyavira Musoke. Vijana hao walitumikia katika jumba la Kabaka Mwanga. Waligombana, Kiriwawanvu akamjeruhi mwenziwe, akatiwa kifungoni. Usiku ule wa Mei 1886 Karoli Lwanga alipowabatiza vijana wenzake kule Munyonyo, Gyavira alibatizwa, bali Kiriwawanvu hakuwapo. Hukumu ilipotolewa, naye akatolewa gerezani akaunganishwa na wenziwe kwenda kuuawa. Njiani akakutana na yule aliyemjeruhi, wote wawili wakiwa wafungwa. Wakasalimiana kwa furaha, wakapatana. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo siku moja. Kiriwawanvu hakupata ubatizo wa maji. Kanisa linasadiki kuwa alibatizwa kwa damu yake. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu, pamoja na wenzao 20.

Nami nikawaza moyoni, "Hao hawakudaiana fedha." Nikajifunika shuka, nikalala.

Asubuhi miguu yangu ilikuwa imejaa malengelenge. Bibi mmoja wa parokia nyingine, ambaye sikumfahamu, akaomba maji ya moto jikoni, akatia chumvi, akanikanda miguu na kuifunga kwa vipande vya kanga yake. Nilipomnyoshea noti ya shilingi 5,000 aliisukuma nyuma. "Mwanangu," akasema, "sikukuuzia kitu." Akachukua mzigo wake, akatangulia.

Neno hilo lilinifuata njia nzima. Mtumishi wa serikali huizoea karatasi ya mshahara: siku ulizofanya kazi, makato yaliyotolewa, haki yako iliyobaki. Nilikuwa nimemwekea Mungu karatasi kama hiyo. Nimesali kiasi hiki, nimetembea kilometa hizi. Kwa hiyo nilipwe. Kumbe neema si mshahara. Ni kama yale maji ya chumvi: hutolewa kwa asiyestahili na asiyekuwa na cha kulipa.

Tarehe 2 Juni tulifika Namugongo. Mapadre walikuwa wakiungamisha chini ya miti. Nilipanga foleni nikiwa nimetayarisha dhambi ndogondogo, lakini nilipopiga magoti kinywa changu kilitaja kaburi la mama. Nililia hata nikaona haya. Padre alisubiri, kisha akanipa malipizi ya namna moja tu: nimpigie simu ndugu yangu kabla ya misa ya kesho yake.

Nilipiga jioni ile. Alipoisikia sauti yangu alinyamaza, kisha akauliza, "Dada, nani amekufa?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyekufa, nimempigia kumsalimu. Nikamsikia analia. Akaniambia kwamba kila walipotoka kwenda doria aliogopa kitu kimoja kuliko risasi: kufa akiwa bado amesimama mlangoni pangu.

Kesho yake, mbele ya lile kanisa lenye nguzo 22 za shaba, nilisali Baba Yetu kwa sauti kamili katikati ya umati. Nia niliyotoka nayo nyumbani nilikuwa nimekwisha kuisahau.

Mdogo wangu alirudi salama mwaka 2019. Aliniletea sehemu ya deni, nasi tukainunulia saruji, tukalijengea kaburi la mama. Zilizobaki hatukuzizungumza tena.

Ndugu zangu wake na waume wa askari, sisi tunajua zaidi ya wengine maana ya mtu kuondoka alfajiri na viatu vyake. Asiondoke bila kuagwa. Na kama yuko unayemdai radhi, usingoje aimalize kuilipa. Mimi nilingoja miaka minne, na mama hakungoja nami.