Mtambo Umeharibika, Nani Alaumiwe? Kauli Saba, Kweli au Uongo

Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta nao uliingia gizani, kwani jenereta iliyotegemewa kwenye jengo la abiria iligoma kuwaka. Kampuni ya umeme ilinyoosha kidole kwa mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Wenye mitambo wakajibu kwamba ni gridi ya taifa iliyopandisha volteji hadi wakalazimika kujitoa. Ndani ya siku chache waziri wa uchukuzi akamfuta kazi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege. Desemba 10 mwaka huo huo umeme ukakatika tena nchi nzima, na giza likarudi kwenye uwanja ule ule.

Ndivyo tulivyozoea. Kitu kikiharibika tunauliza “nani kafanya?”, na jina likishapatikana mazungumzo yamekwisha. Wanaojenga mifumo ya kutegemewa huuliza jambo jingine: kwa nini kosa moja lilitosha kuangusha kila kitu? Kauli saba zifuatazo husikika maofisini, kwenye madirisha ya benki na hata bungeni. Tuzipime.

1. “Ajali haina kinga.”
NUSU KWELI. Hitilafu haina kinga, hapo wahenga walisema kweli. Waya hukatika, betri hufa, na programu huwa na dosari hata ikitungwa na mabingwa. Lakini kati ya hitilafu na maafa kuna safari, na njiani mtu anaweza kuweka vizuizi.

Julai 20, 1969, chombo cha Apollo 11 kikiteremka mwezini, kompyuta yake ilianza kutoa tahadhari namba 1202, kisha 1201. Rada ambayo haikuhitajika wakati ule ilikuwa ikiimiminia ishara nyingi kuliko uwezo wake. Kompyuta haikuganda. Ilijiwasha upya, ikaacha kazi ndogo ndogo, ikashikilia ile ya kuongoza chombo. Waliotunga programu ile kwenye maabara ya chuo cha MIT, Margaret Hamilton akiwa mmoja wao, walikuwa wameamua mapema: ikizidiwa, iache nini na isiache nini. Kuhimili hitilafu huanza na uamuzi wa namna hiyo, unaofanywa watu wakiwa wametulia, kabla mambo hayajaharibika.

2. “Mwenye kosa ni yule aliyebonyeza.”
UONGO. Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikazidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alitoka hai. Hapo kila mtu alielewa kwamba kumlaumu tumbili hakujengi kitu. La kuuliza ni kwa nini transfoma moja ikizima, nchi nzima inazima nayo. Aliyegusa akiwa binadamu, busara hiyo hututoka.

Tazama yaliyotokea Tyler, Texas, mwaka 1986. Hospitali moja ilikuwa na Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Opereta mzoefu aliandika herufi x, yaani eksirei, akatambua amekosea, akarudi juu na kuweka e, yaani elektroni. Skrini ilionyesha e. Lakini mashine ilikuwa ndani ya zile sekunde nane za kupanga sumaku zake, na marekebisho yale hayakuifikia. Ikaachilia mwali wenye nguvu ya eksirei bila kile kinachopaswa kuupunguza makali. Kwenye skrini yalitokea maneno “Hitilafu 54”, bila maelezo, na mashine ile ilikuwa na desturi ya kutoa ujumbe kama huo mara kwa mara bila madhara. Opereta akabonyeza P ili iendelee. Katika chumba cha pili mgonjwa alihisi kama amepigwa shoti. Kamera ya kumwangalia na chombo cha kumsikiliza havikuwa vikifanya kazi siku hiyo.

Watengenezaji walishikilia kwamba mashine yao haiwezi kuzidisha dozi. Wiki tatu baadaye yakatokea tena, hospitali ile ile. Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akaketi na opereta yule yule, wakayarudia yale aliyoyabonyeza hadi hitilafu ikatokea mbele ya macho yao. Siri ilikuwa kasi. Kadiri opereta alivyoizoea kazi yake ndivyo vidole vyake vilivyokwenda mbio, na ndivyo alivyoukaribia mtego.

Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na dosari hiyo hiyo kwenye programu, lakini ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma vilivyoikata kabla haijadhuru. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yote ikaachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita wa Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na angalau watatu walikufa kwa sababu hiyo. Lau opereta angefukuzwa siku ya kwanza, hospitali ingempoteza shahidi aliyeweza kuonyesha hitilafu ilikojificha.

3. “Mtu makini hakosei.”
UONGO. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa bado inakwenda barabarani wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mbawa. Ndege inalalia tumbo. Jeshi liliandika: kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliingia ndani ya ndege akaangalia. Swichi mbili zilikuwa zimepangwa bega kwa bega, zikifanana kabisa. Marubani wa C-47, ambayo vidhibiti vyake havikupangwa hivyo, hawakuwa na tatizo hilo. Je, wazembe wote walikuwa wamepangiwa B-17? Chapanis alibandika kigurudumu cha mpira kwenye kidhibiti kimoja na umbo la kabari kwenye kingine, mkono ukaanza kutambua bila msaada wa macho. Hadi leo mpini wa magurudumu ndani ya ndege za abiria huumbwa kama gurudumu.

Busara hiyo hiyo tunaishika mkononi kila siku. Unapotuma pesa kwa simu, kidole kikiteleza tarakimu moja, fedha inakwenda kwa usiyemjua. Kampuni zingeweza kuendelea kutuhimiza tuwe waangalifu. Safaricom ikaweka Hakikisha: jina la mpokeaji linatokea kabla muamala haujakamilika, nawe unapata nafasi ya kusitisha. Vidole havijaacha kuteleza. Kilichopungua ni gharama ya kuteleza.

4. “Kompyuta haidanganyi.”
UONGO, na ni uongo uliofunga watu jela. Kuanzia 1999 Posta ya Uingereza iliweka mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kwenye matawi yake. Hesabu zikaanza kuonyesha upungufu ambao wasimamizi wa matawi hawakuuelewa. Mkataba uliwataka waulipe mfukoni mwao.

Jo Hamilton alisimamia tawi la kijijini South Warnborough. Jioni moja mfumo ulimwambia amepungukiwa na takriban pauni 2,000. Akapiga simu kuomba msaada, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, na mbele ya macho yake deni likawa maradufu. Alikopa kwa dhamana ya nyumba yake ili alipe. Mwishowe alikiri kosa la kuandika hesabu za uongo ili aepuke shtaka la wizi. Wengine waliokuwa na shida kama yake waliambiwa kwamba ni wao peke yao.

Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Baadhi walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Sheria ya Uingereza iliwaelemea pia: kutokana na sheria iliyopitishwa mwaka huo huo wa 1999, mahakama huchukulia kuwa kompyuta ilifanya kazi sawasawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Msimamizi wa duka la kijiji angewezaje kuthibitisha kilichotokea ndani ya programu asiyoruhusiwa kuifungua? Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na dosari zilizoweza kuzua upungufu huo. Hukumu ya Hamilton ilifutwa 2021, na 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuzifuta nyingine kwa mkupuo.

Kila mahali ambapo mfumo unahesabu kodi, mkopo, bima au mshahara, funzo hili ni letu pia. Anayedaiwa na mashine ana haki ya kuiona kumbukumbu ya mashine.

5. “Kukiwa na cha akiba, hakuna hofu.”
NUSU KWELI. Cha akiba huokoa kisipougua ugonjwa ule ule. Juni 4, 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Guiana ya Ufaransa. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwelekeo, kimoja kikuu na kimoja cha akiba, vyote vikitumia programu moja iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilikwenda kasi kuliko ya zamani, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na kifaa cha akiba kikazima. Kikuu kikafuata papo hapo kwa sababu ile ile. Takriban sekunde 37 baada ya injini kuwaka, roketi iligeuka ghafla na kusambaratika.

Afrika Mashariki tulilipata somo hilo Mei 12, 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mikongo miwili inayopita bahari moja inaweza kupatwa na balaa moja. Na jenereta isiyojaribiwa kwa mzigo halisi ni jenereta ambayo hakuna ajuaye kama itawaka.

6. “Asipoadhibiwa mtu, kosa litarudiwa.”
UONGO. Kinachorudiwa ni kosa lililofichwa, na hakuna kinachofundisha watu kuficha kama adhabu. Usafiri wa anga ulilielewa hili zamani. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege zinasema lengo pekee ni kuzuia ajali nyingine, bila kugawa lawama. Marekani, tangu 1976, rubani au mwongoza ndege aliyekosea bila kukusudia anaweza kuripoti kwa mpango unaoendeshwa na NASA. Jina lake huondolewa, na kwa kawaida kuripoti humkinga na adhabu.

Turudi kwa Apollo 11 kidogo. Kabla ya safari, kwenye mazoezi, tahadhari ya aina ile ile ilitokea, na Steve Bales, kijana aliyesimamia mfumo wa uongozaji kutoka Houston, akaamuru kutua kusitishwe. Alikosea. Mkuu wake, Gene Kranz, hakumwondoa; aliagiza kila tahadhari iorodheshwe na maana yake. Mhandisi Jack Garman akaiandika orodha hiyo kwa mkono. Siku yenyewe tahadhari ilipolia, Garman aliijua, na Bales yule yule akatoa jibu sahihi katika sekunde chache: endeleeni.

7. “Kama si kosa la opereta, basi hakuna wa kulaumiwa.”
UONGO, na hapa nasisitiza, maana wakubwa wengi hupenda kujificha nyuma ya neno “mfumo”. Oktoba 29, 2018, ndege ya Boeing 737 MAX ya Lion Air ilianguka baharini nchini Indonesia na watu 189 wakafa. Wako waliowanyooshea kidole marubani. Machi 10, 2019, ndege ya aina hiyo hiyo ya Ethiopian Airlines, ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Walikufa watu 157, Wakenya 32 wakiwamo.

Ndege ilikuwa na vihisi viwili vya kupima jinsi pua ilivyoinuka. Programu iliyosukuma pua chini ilisikiliza kimoja tu. Kihisi hicho kilipotoa taarifa za uongo, hapakuwa na cha kuipinga isipokuwa mikono ya marubani. Huo haukuwa mkosi. Kuna watu waliochagua kihisi kimoja, na kuna waliomficha mdhibiti wa usafiri wa anga wa Marekani nguvu halisi ya programu ile. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza shtaka la kula njama ya kumlaghai mdhibiti.

Anayekosea akiwa kazini kwa nia njema anastahili kusikilizwa. Aliyekuwa na mamlaka ya kuweka kizuizi akakiacha ili kuokoa fedha au muda, na aliyejua dosari akanyamaza huku wengine wakifungwa, hao ndio wenye deni la kuwajibika. Ukubwa wa lawama ulingane na ukubwa wa mamlaka na ujuzi aliokuwa nao mtu kabla ya ajali.

Kwa hiyo mfumo mwingine ukianguka, uwe wa hospitali, wa umeme au wa malipo, tudai taarifa ya uchunguzi hadharani. Itueleze ni hitilafu gani ilianza, ni kizuizi gani kilikosekana, nani alijua na tangu lini, na ni nini kimebadilishwa ili kosa lile lisitoshe tena. Jina la aliyefukuzwa halijibu hata moja kati ya hayo. Mpaka yajibiwe, tusikubali kuambiwa kwamba tatizo limekwisha.