Gitaa Kama Kitega Uchumi

Mwezi wa Septemba mwaka 2023, vitu vya marehemu Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, viliponadiwa mjini London, piano yake moja tu ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Habari za namna hii huamsha tamaa. Si ajabu basi kumsikia mwenye akiba yake akisema kuwa ala ya muziki ni kitega uchumi, na kwamba gitaa, kwa kuwa hubebeka, ni bora kuliko piano. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote, na mwenye nia hiyo yampasa aijue biashara yenyewe kabla hajafungua mkoba.

Chimbuko lake ni Marekani. Kati ya 1958 na 1960 kampuni ya Gibson ilitengeneza gitaa la umeme aina ya Les Paul, lenye rangi ya machweo. Bei yake haikufika dola 300, na hata hivyo wanunuzi walilipa kisogo. Mwaka 1961 kampuni ikalibadilisha umbo. Yaliyotoka katika miaka hiyo mitatu hayakufika elfu mbili. Baadaye Eric Clapton na wenziwe wa Uingereza walipolipiga, vijana wakalitafuta, nalo halikuwapo tena madukani. Leo lililo zima huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Uchache peke yake haukuleta thamani hiyo, maana vitu vichache visivyo na mwenye haja navyo vipo tele.

Mgeni wa biashara hii aghalabu hudhani kuwa gitaa lililokarabatiwa likang'aa ndilo lenye bei. Sivyo. Gitaa la zamani likipakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya thamani yake, hata fundi akiwa hodari. Na kubadilisha vinasa sauti au funguo za kukazia nyuzi huhesabiwa kuwa ila. Mkusanyaji ataka mikwaruzo ile ile, sanduku lile lile, na risiti ya duka ikiwapo. Mpigaji ataka chombo kinachotii vidole vyake. Haja zao hazipatani, na mara nyingi mwenye fedha ndiye ashindaye, gitaa likafungiwa kabatini.

Umaarufu huivunja kanuni hiyo. David Gilmour wa kundi la Pink Floyd alilinunua Stratocaster yake nyeusi mjini New York mwaka 1970, akaibadilisha shingo na viungo mara kadhaa. Mwezi wa Juni 2019 iliuzwa mnadani kwa dola 3,975,000. (Mapato ya mnada ule, zaidi ya dola milioni 21, aliyatoa kwa ajili ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi; haki yake itajwe.) Kilichouzwa pale ni historia ya mtu, nayo haipatikani kwa fedha ya anayeanza.

Tena gitaa si mkarafuu. Mkarafuu huzaa ukiwa umesimama. Gitaa halimpi mwenyewe kitu hadi atokee mwingine anayelitamani kwa bei ya juu zaidi, na dalali achukue fungu lake. Uchumi wa dunia ulipoyumba mwaka 2008, watu hao waliadimika na bei zikaporomoka.

Kwetu visiwani kuna adui wa ziada, nayo ni hewa. Gitaa la mbao lahitaji unyevu baina ya asilimia 45 na 55, na masika yetu hukipita kiwango hicho kwa mbali. Ubao huvimba, gundi hulegea, chumvi ya bahari hula vyuma. Kulihifadhi sawasawa ni kuendesha kiyoyozi usiku na mchana, hesabu ambayo wasifiao biashara hii hawaitaji.

Maofisa wa forodha nao wanahusika. Magitaa mengi ya thamani yaliyotengenezwa na Martin kabla ya 1969 yana mbao za Dalbergia nigra, mti wa Brazil ulio jamaa ya mpingo wetu. Tangu 1992 mti huo umo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES. Mpingo uliingizwa katika orodha ya pili mwezi wa Januari 2017, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za mbao hizo zimesamehewa kibali. Msamaha huo hauugusi mti wa Brazil: gitaa lake likivuka mpaka kwa biashara bila hati, huweza kutaifishwa. Anayenunua ng'ambo na aulize mbao kabla ya kuuliza bei.