Kitovu cha Gurudumu na Chumvi ya Pwani

Mwezi uliopita alinijia mwana wa ndugu yangu, akanibusu mkono, akaketi mkekani, akaanza kuniuliza habari za afya yangu moja baada ya moja. Nikajua ana haja.

"Ami," akasema hatimaye, "arusi yangu ni baada ya Idi. Nataka kwenda kwa bibi arusi juu ya pikipiki ya babu."

Nikamwambia hilo ni jambo la heri, na mwenyewe marehemu angefurahi.

"Lakini habu zake tuzipige kromu, ami. Zing'ae hata aliye ng'ambo ya barabara azione."

Hapo, msomaji, ndipo tulipoanza kutofautiana, na hadi leo ndugu yangu, baba yake huyo kijana, hunisalimu kwa ufupi.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam. Baba aliinunua mkono wa pili, akaenda nayo kazini bandarini, na jioni akinipakia juu ya tangi kunipeleka chuoni. Bantam zilianza kuundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, kwa kufuata mfano wa DKW RT 125 ya Wajerumani, ambao michoro yake ilichukuliwa kuwa fidia ya vita. Ziliendelea kutoka hadi 1971. Zilikuwa pikipiki ndogo za watu wa kawaida, na huko kwao hata watu wa posta walizipanda kupeleka simu za maandishi. Hazikuundwa kwa ajili ya kung'aa.

Asiyejishughulisha na pikipiki atauliza habu ni nini. Ni kitovu cha gurudumu, kile kipande cha mviringo cha katikati ambacho spoki zote huanzia kwake. Ekseli hupita ndani yake juu ya beringi, na katika pikipiki za zamani breki nayo hujificha humo humo. Kwa hivyo anayepaka kitu juu ya habu hapaki pambo tupu. Anagusa mahali ambapo roho ya mpandaji imetundikwa.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Miaka kadhaa nyuma niliipeleka habu ya nyuma, ambayo ni ya chuma, kwa karakana moja ambayo sitaitaja, ikapigwa rangi ya unga. Rangi hiyo ni unga mkavu unaotiwa umeme ili ushikane na chuma, kisha kitu kizima huingizwa katika tanuri ya nyuzi 180 au 200 za Selsiasi mpaka unga uyeyuke na kuwa ganda moja. Ni ganda gumu kweli, wala sisemi kwamba ni rangi mbaya. Niliporudishiwa habu yangu ilikuwa nyeusi ti, laini kama kigae cha Kichina, nami nikaisifu kwa watu barazani.

Kumbe waliipaka mpaka ndani ya dramu, pale ambapo brekishuu hukamata! Pahali hapo hapatakiwi rangi ya aina yoyote, wala kromu, wala mafuta. Panatakiwa chuma kitupu. Siku ya tatu nikawa nateremka kuelekea feri ya Likoni, foleni mbele yangu, nikakanyaga breki, nayo ikateleza kama mguu juu ya mwani. Ile ya mbele peke yake haikutosha. Nilisimamishwa na mkokoteni wa madafu. Mwenye mkokoteni alinipa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, na sikumlaumu.

Haikuishia hapo. Ganda la unga ni nene, na lilikuwa limejaa kwenye matundu ya spoki. Vichwa vya spoki vililikandamiza kidogo kidogo, mvutano ukapungua, na baada ya wiki chache gurudumu likawa linayumba. Kisha jiwe moja la barabarani likalibandua ganda upande mmoja. Chumvi ikaingia kwa mlango huo ikatembea chini kwa chini, na kwa nje rangi ikabaki nzuri kama kawaida. Nilipoibonyeza kwa ukucha ilitoka kipande kizima, na nyuma yake kutu tupu.

Sasa kromu. Kijana anadhani kromu ni ngao. Kromu ya mapambo kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita kwa unene. Inayokilinda chuma ni nikeli iliyo chini yake, na mara nyingi shaba chini ya nikeli. Fundi akifanya haraka katika tabaka hizo za chini, hakuna ajuaye siku ya kwanza, kwa maana juu kunang'aa vile vile. Lakini kromu ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho, na penye tundu katika nikeli hewa ya bahari hupenya. Sisi tunaoishi hapa tumeona vitasa na bampa zikitoka vidonda vyekundu kabla ya mwaka kwisha. Na kidonda cha kromu hakitibiki nyumbani. Sharti habu ifunguliwe, spoki zote 36 zitolewe, kromu yote ivuliwe, na kazi ianze upya kwenye mapipa ya tindikali.

Nilimpeleka kijana kwa mafundi wa majahazi. Sisi watu wa pwani tulilijua swali hili kabla ya pikipiki. Ubao wa jahazi ulio chini ya maji hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa na shahamu, na ubao wa juu husuguliwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake msomaji wa Lamu anaijua. Hakuna nahodha anayetaraji deheni ikae milele. Chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hupakwa tena, na kila baharia anaweza kushika kazi hiyo kwa mikono yake. Kijana aliangalia, akaziba pua, akasema, "Lakini ami, bibi arusi hataki sifa." Tukacheka sote.

Basi habu ya chuma nimeamua hivi. Imesuguliwa mpaka chuma cheupe kikaonekana. Chuoni maalimu hakutukubalia kuandika juu ya wino wa jana. Ubao huoshwa kwanza na kukaushwa. Ikafuata rangi ya msingi yenye zinki kwa wingi, kwa kuwa zinki hukubali kuliwa kabla ya chuma, kisha rangi nyeusi ya vikopo viwili, ile inayochanganywa na kigumishi chake. (Aipigaye avae barakoa ya kufaa, maana mvuke wake unadhuru mapafu.) Dramu, viti vya beringi na nyuzi za nati vilizibwa kabla ya tone la kwanza. Ikichunika, nitapasugua kwa msasa na kupapaka mwenyewe kwa brashi, nimeketi kwenye ngazi.

Habu ya mbele ni kisa kingine, kwani ilikwisha badilishwa zamani kwa ya alumini kutoka pikipiki ya Kijapani. Alumini hujifanyia utando wake yenyewe, ila chumvi huitoboa vijishimo, hasa inapogusana na spoki za chuma, kwa sababu metali mbili na maji ya chumvi hufanya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kuikuzia ganda kwa umeme ndani ya tindikali ni dawa nzuri, lakini alumini ya kumimina yenye silikoni nyingi hutoka na rangi ya majivu, tena yenye mabaka. Nimeiacha tupu, isuguliwe, ipakwe nta, na ioshwe kwa maji baridi kila itokapo. Magadi makali yasiikaribie, kwani huitafuna.

Gurudumu la nyuma lilirudi jana. Ndugu yangu alilizungusha kwa kidole, akasikiliza beringi, akasema tu kwamba ni jeusi. Mwanawe alikuwa uani tangu alasiri, kitambaa mkononi, akiisugua ile ya mbele, na ilipofika magharibi aliniita nikaone uso wangu ndani yake.